Orodha Tupu

Orodha ya kampuni kwenye programu ya uhasibu ilikuwa tupu. Mama Risiti, mhasibu aliyerudi kazini baada ya kuugua wiki mbili, alimgeukia karani aliyekalia kiti chake siku zote hizo.

"Wewe Mpole, faili la kampuni umelipeleka wapi?"

"Mama, nililikosa tangu siku ya kwanza. Nikawa naandika daftarini, nisikusumbue na ugonjwa wako."

"Wiki mbili, kimya!"

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, aliwaza. Mlangoni mkurugenzi alikuwa na barua ya kumfukuza Mpole, imebaki sahihi tu.

"Mama, sema neno moja, aondoke."

Programu ile hutazama folda yake tu. Mama Risiti akaamua kuipekua kompyuta nzima, akaandika herufi tatu ambazo mafaili yake yote huishia nazo, akangoja.

Likatokea. Lilikuwa katikati ya picha za harusi ya binti yake, zile alizokuwa akizitazama hapo kazini siku aliyougua, ili aisahau homa. Liliguswa mara ya mwisho siku ile ile, saa tisa na dakika kumi.

Saa tisa na dakika kumi Mpole alikuwa barabarani juani, akimtafutia gari la kumpeleka hospitali. Aliyekuwa kitini ni Mama Risiti peke yake, akiburuta picha kwa kipanya huku homa ikimpanda.

"Umeona nini?" mkurugenzi aliuliza, kalamu mkononi.

Mama Risiti akaigeuza skrini, wote waione.