Tofali Juu ya Kanyagio

Mjomba, dereva wa treni ya mjini, alikuwa akishindana na treni ya reli ya pili. Miguu aliipandisha dirishani. Kanyagio, ambalo likiachiwa treni husimama yenyewe, alilibebesha tofali.

Niliingia na ufagio wangu wa mabehewa. "Mjomba, kona ile. Watu wananing'inia milangoni."

"Wewe fagia, mpwa wangu. Treni ina mwenyewe."

Nikalivuta tofali. Alinipiga teke la mdomo, jino likaniangukia ulimini, naye akakanyaga kanyagio kwa mguu wake mwenyewe, akicheka.

Alikuwa amevaa ndala. Vidole vyake vilikuwa vya mama yangu kabisa.

Kona ilikuwa imefika. Nikaliinua tofali kwa mikono miwili juu ya vidole vile.

Mfupa ulilia kabla ya breki.