Aliyejenga Alale Humo

Sheria ilikuwa fupi: aliyejenga alale humo. Kila kikosi kilichosimamisha jengo jipya kiliishi orofa za chini mwaka mzima, na familia zao, kabla mpangaji yeyote hajaingia. Mlango mkuu uliwahesabu kila jioni, na haukumwachia mtu ila kwa msiba au ugonjwa.

Zamzam, msimamizi wa mradi wa ghorofa mia na ishirini, hakuwahi kuiogopa sheria hiyo. Watu wake alikuwa amekula nao sinia moja miaka minne. Mwaipopo, fundi wa nguzo, alipomwambia, "Dada, nguzo ziko sawa," alitia saini bila kushuka kuzipima. Kumkagua mtu kama yule aliona ni kumvunjia heshima.

Jengo likaisha, wakahamia. Ijumaa moja walikutana kwake, orofa ya pili ya jengo hilo, kula pilau, kama ilivyo ada. Mwaipopo alikuja peke yake, bila mkewe.

"Mama Tumpe yuko wapi?" Zamzam aliuliza huku akipakua.

"Mlango umewaruhusu waende Tukuyu, yeye na watoto. Mama mkwe anaumwa."

Upawa ukasimama hewani. Mama mkwe huyo walikwenda kumzika wote, mwaka juzi, na Zamzam ndiye aliyewapikia waombolezaji.

Chumba cha pili watoto wa Zamzam walikuwa wakiruka kamba, wakihesabu kwa sauti.

Mwaipopo hakugusa chakula. Alikuwa anaitazama sakafu.

"Dada," alisema taratibu, "hebu waambie watoto waache kuruka."