Mteremko wa Kampuni ya Tramu

Bi. Bernadine Rybka aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kuuvunja mteremko ule wa saruji mbele ya mlango wake kabla ya saa kumi, maana saa kumi mumewe alikuwa anarudi nyumbani kutoka hospitali.

Bwana Everett Haldane, mwenyekiti wa Kamati ya Urithi ya Hollister Park, alimsikiliza kwa raha zake. Kukataa ndiyo kazi aliyoipenda, na kwa miaka tisa alikuwa ameifanya bila likizo. Mtaa mzima ulijengwa mwaka 1909, kampuni ya tramu, yale magari ya abiria yapitayo kwenye reli za barabarani, ilipofikisha reli zake huku na kuwauzia makarani wa jiji la Milwaukee nyumba zenye baraza pana, nguzo nene na vioo vya rangi, kila karani ajione bwana mkubwa. Kanuni ya kamati ilikuwa fupi: cha zamani hakiguswi, kipya hakiingii. Kwa kanuni hiyo Haldane alikwisha kung'oa milango, antena, hata bembea ya mtoto, na mtoto mwenyewe akiwa analia pale pale.

Bi. Rybka alikuwa mteja wake wa kudumu. Alikataliwa dirisha, akakataliwa rangi. Majuzi alipofunika mbele ya nyumba kwa turubai ili atengeneze ngazi zilizooza, Haldane alimwandikia barua tatu, zote za kulalamika kwamba turubai ni la buluu.

Lakini turubai lilipoondolewa, barua ya nne haikuandikwa. Pale ngazi zilipong'olewa palikuwa na mteremko wa saruji, unapanda polepole kutoka njiani hadi mlangoni. Ubavuni mwake kilibandikwa kibao cha chuma kilicholiwa na kutu, chenye jina la kampuni ya tramu na mwaka 1909.

Haldane nusura apige magoti. Jiji lilikuwa limetishia kuufuta mtaa kwenye orodha ya urithi, kwa kuwa mtaa wa tramu usio na hata msumari wa tramu ni mtaa tu kama mingine. Reli zilikwisha kung'olewa zamani zikauzwa kama chuma chakavu. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na bila kitu cha kumwonyesha, Haldane angebaki mwenyekiti wa hewa. Wazo hilo lilimtia hofu ya kweli.

"Mteremko huu unaniharibia baraza," Bi. Rybka aliiambia kamati. "Kasimir wangu kayeyusha na kusubu chuma kiwandani miaka thelathini, hajamwomba mtu kitu. Nataka akirudi akute ngazi zake. Nakusihi, Bwana Mwenyekiti."

"Mama, huo mteremko si wako," Haldane akamjibu. "Ni wa historia. Wewe unaishi tu nyuma yake."

Kisha akawaeleza wenzake kwamba hapo ndipo masanduku ya abiria yalipopandishwa kutoka tramu ya mwisho. Jambo hilo hakulisoma popote, ila alilisema mara tatu, na mara ya tatu katibu akaliandika. Bi. Rybka akatoa leso. Akauliza kama angalau angeweza kuufunika kwa mbao, akaambiwa hapana. Akauliza kuhusu maua, Haldane akatikisa kichwa huku akitabasamu, mtu mzima hovyo.

Azimio likasomwa: mteremko usivunjwe, usifunikwe, usibadilishwe milele, na atakayeugusa ashtakiwe. Mikono saba ikaenda juu, wa Haldane ukitangulia. Muhuri ukagongwa, na nakala ikapelekwa jijini mchana ule ule.

Saa kumi Haldane alikwenda na kamera yake. Alikuta gari la hospitali limesimama mbele ya nyumba, na wahudumu wanamshusha Kasimir Rybka kwenye kiti cha magurudumu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkewe, macho makavu kabisa, akakishika kiti kwa nyuma akakisukuma hadi mlangoni bila hata kutweta.

Haldane akawafuata, akiinama kukitafutia kibao picha nzuri.

"Pita katikati, Bwana Mwenyekiti," Kasimir akamwambia kwa upole. "Huko pembeni saruji bado mbichi."