Feni Juu ya Benchi

Benchi langu la kujazia upya maganda ya risasi ni mlango mkuukuu niliouweka juu ya mapipa. Najivunia urahisi wake.

"Hiyo feni yako inanitimulia vumbi, bwana," mke wangu akafoka, akaizima licha ya joto la Desemba.

Kisahani cha mizani, chenye baruti niliyokwisha kuipima, kikashuka polepole, kikagonga ubao.

Kumbe asubuhi nzima upepo wa feni ulikuwa ukikiinua, nami nikizidisha baruti kwenye kila risasi, kiasi cha kupasua bunduki.

Kisanduku cha risasi nilizokwisha kuzijaza kilikuwa kitupu.

"Risasi ziko wapi?"

"Kazichukua kaka Darrell. Si wewe uliyemwambia nguruwe pori wamerudi bwawani?"

Nilikimbia hadi uzioni nikipiga kelele, nikipunga mikono yote miwili.

Kule bwawani Darrell naye akanipungia, akacheka, akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, akalenga.