Mchicha wa Dirishani

Saa moja asubuhi, siku moja baada ya eda yake ya talaka kwisha, Raya aliona mchicha umechipua kwenye ndoo dirishani, huko ugenini. Mama yake alikuwa kwenye simu.

"Chumba chako nimekipaka chokaa, mwanangu. Unarudi lini?"

"Mama, zile mbegu zako zimeota."

"Umevuka bahari ukalime mchicha? Huku umejaa mpaka mitaroni."

"Huu nimeupanda mwenyewe."

Raya alimsikia Mama akivuta kiti.

"Basi usiung'oe," alisema. "Ukate juu, utachipua tena. Ndoo inapata jua?"

Sanduku la safari, lililofungwa tangu juzi, lilikuwa limeziba nusu ya dirisha. Raya alilisogeza ukutani.

"Sasa inapata."