Karatasi Ndani ya Kopo la Kahawa

Nazif Efendi alifungua kopo la kahawa akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Kahawa ya nyumba ile aliisaga yeye mwenyewe kila asubuhi, na kwa kawaida hakuna mwingine aliyeligusa kopo lile. Damu ikamchemka. Mwanamke gani huyu asiye na haya, anaficha barua zake mpaka kwenye kahawa yangu!

Wino ulikuwa wa zambarau, wa mkewe, Mebrure. Herufi zilikuwa kubwa, zimeachana, na zilikuwa zile mpya za serikali, zinazoanzia kushoto. Nazif hakujua hata moja. Miaka thelathini alikuwa amewaandikia watu barua na maombi nje ya mahakama ya Bursa, Uturuki, kwa herufi za zamani za Kiarabu. Tangu zipigwe marufuku, meza yake ilikaa stoo ya kuni, naye akakaa nyumbani, amenuna.

Ampe nani amsomee? Jirani? Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungejua kwamba mke wake ana mtu.

Jioni Mebrure alirudi kutoka darasa la wanawake la herufi mpya.

"Umechelewa."

"Mwalimu katuzuia kidogo."

"Huyo mwalimu ni mwanamume?"

"Mwanamume, tena kijana, ana subira kweli. Si ujiunge nawe na darasa la wanaume, bwana? Nimekubembeleza tangu mwaka uanze."

"Afadhali nife!"

Mebrure akainamia vitunguu vyake, midomo kaibana. Nazif aliona wazi kwamba anaficha kitu, na roho ikamuuma.

Kesho yake alimwambia anakwenda kunywa chai na wenzake. Akavuka mji mzima, akajiandikisha darasa la wanaume, akabanwa benchi moja na wapagazi na waoka mikate.

"Efendi!" mpagazi mmoja akamcheka. "Si wewe uliyeniandikia barua ya kumposa mke wangu? Leo unajifunza *a* na mimi?"

Nazif alimeza aibu yake. Alisoma kama mtu aliyepagawa, akaandika kwa kidole hata kwenye ukungu wa dirisha. Mebrure hakumuuliza hata siku moja chai gani hiyo ya kila jioni, na hilo likazidi kumtia shaka. Mke asiye na hatia angeuliza.

Baada ya wiki tano akajifungia stoo. Aliitandaza karatasi juu ya meza yake ya zamani, ambayo kwa ajabu haikuwa na vumbi. Jina la mwanamume huyo akilipata, ndoa imekwisha leo leo. Akaanza, kidole chini ya kila herufi:

"Mume wangu Nazif, nilijua barua ya mkeo hutampa mtu mwingine akusomee. Ukiufikia mstari huu, beba meza urudi kazini. Kila Ijumaa nitakuwa naifuta vumbi."