Kipimo cha Hofu

Kila asubuhi kabla ya shule, mama, fundi cherehani, alimpima bintiye hofu. Mtoto alikanyaga ncha ya futi kamba, mama akaivuta juu.

“Leo imefika wapi?”

“Tumboni.”

“Jana ilikuwa kifuani. Inashuka, mwanangu.”

Asubuhi hii mama alisimama dirishani na barua ya hospitali. Vumbi la chaki ya kuchorea vitambaa lilielea juani, naye akaikunja karatasi, akaikunjua, akaisoma tena.

Mtoto aliivuta futi iliyoning'inia shingoni mwa mama, akakanyaga ncha, akampa upande wa pili.

“Yako je, mama?”

Futi ikapanda polepole kama moshi, ikapita magoti, ikapita kifua, ikakazika kidevuni. Mkono wa mama bado ulitaka kupanda.

Mtoto akainua mguu wake kidogo, futi ipate kuendelea.